Sinki jeupe la jikoni: namna ya kulichagua kabla kaunta haijakatwa

Kila baada ya siku chache mtu hunitumia picha ya sinki jeupe linalometameta, na chini yake swali lile lile: "Fundi, hili litanifaa?" Picha haiwezi kunijibia. Haionyeshi kabati lina upana gani, bomba la maji machafu limetokea ukutani kwa urefu gani, wala ni nani katika nyumba hiyo mwenye tabia ya kuacha sufuria chafu kwenye sinki hadi asubuhi. Nimechoka kuandika majibu yale yale, kwa hiyo haya hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe ninapokwenda kupima jiko la mtu.

Utaona rangi inakuja mbali kidogo. Najua ndiyo iliyokuvutia kwanza. Lakini weupe ni ngozi tu. Miaka mitano baadaye utakuwa unaishi na kilicho chini ya ngozi hiyo, na kabati lililokibeba.

Kusanya hivi kwanza

- Futi ya kupimia, pimamaji, na rula ndefu iliyonyooka (ubao ulionyooka unatosha).
- Sumaku ndogo. Ile ya kubandika mlangoni pa friji inafaa.
- Boksi kubwa la karatasi ngumu na kisu cha kulikatia.
- Chombo kikubwa kuliko vyote jikoni mwako: sufuria ya wageni, trei ya oveni, chochote kile kinachokusumbua kukiosha.
- Kipande cha kaunta mpya na kigae kimoja cha ukutani, kama umeshavichagua.
- Picha tatu za chini ya sinki la sasa, zilizopigwa kwa tochi ya simu ukiwa umepiga magoti. Hizi zitakuokoa maneno mengi dukani.

1. Pima kabati kwa ndani

Fungua milango, upime kutoka ubao wa kushoto hadi wa kulia. Kabati linalouzwa kama la sentimita 60 halina sentimita 60 ndani. Likiwa limeundwa kwa mbao za milimita 18, ukitoa mbao mbili unabaki na sentimita 56.4. Sinki linalofungwa chini ya kaunta linahitaji pia nafasi ya klipu na ya mkono wa fundi kila upande. Kwa kabati la namna hiyo mimi sitafuti sinki linalozidi sentimita 52 hivi kwa nje, ukingo ukiwemo.

Kisha pima kutoka mbele kwenda ukutani. Kaunta nyingi zina sentimita 60 hadi 63. Humo uweke ukingo wa mbele, sinki lenyewe, halafu bomba la maji safi nyuma yake. Hili la mwisho husahaulika sana: mabomba mengi yana mpini unaorudi nyuma unapofungua maji, na nimeona zaidi ya mara moja mpini unaogonga vigae kabla maji ya moto hayajafika.

*Kosa la kawaida:* kupima sinki la zamani na kununua jipya la vipimo hivyo hivyo. Kama la zamani lilikaa juu ya kaunta na jipya litakaa chini yake, vipimo hivyo havikusaidii.

2. Pima bomba la maji machafu ukutani

Watu huruka hatua hii kwa sababu inahitaji kuinama. Weka futi sakafuni, pima hadi katikati ya bomba linaloingia ukutani. Andika namba hiyo kubwa kwenye karatasi.

Sasa hesabu hivi. Tuseme uso wa kaunta uko sentimita 90 kutoka sakafuni, kaunta ina unene wa sentimita 3, na umependa sinki la kukaa chini yake lenye kina cha sentimita 25. Tako la sinki litakuwa kwenye sentimita 60 hivi ukihesabu na unene wake. Chujio la tundu la kutolea maji na shingo yake vinashuka sentimita kama 10 zaidi. Halafu kuna lile bomba lililopinda, linalobakiza maji kidogo ili harufu isipande. Mdomo wake wa kutokea utaangukia kwenye sentimita 45 hivi. Kama bomba la ukutani liko sentimita 52, maji yatatakiwa kupanda mlima, na maji hayapandi. Yatasimama kwenye bomba, mafuta yataganda humo, na utalaumu sinki.

Una njia mbili: kuvunja ukuta na kushusha bomba, au kuchukua sinki lenye kina kidogo. Amua sasa, wakati jiko bado ni vumbi. Vigae vikishabandikwa, njia ya kwanza inauma.

3. Amua litakaaje

*Juu ya kaunta.* Ukingo unalala juu, tundu lililokatwa kwenye kaunta linafichwa. Ni rahisi kufunga na rahisi kubadilisha, na linakubali kaunta za aina yoyote. Kasoro yake ni ukingo wenyewe: makombo hukwama pale, na kwenye sinki jeupe mstari wa uchafu kuzunguka ukingo huonekana kutoka mlangoni.

*Chini ya kaunta.* Unafuta maji na makombo moja kwa moja ndani. Linahitaji kaunta isiyoogopa maji kwenye ukingo uliokatwa, yaani jiwe au kitu kama jiwe. Kaunta ya mbao za kubana zilizobandikwa laminati (ganda jembamba la plastiki ngumu) itavimba pale, hata fundi apake nini.

*Lenye uso mbele.* Ni lile sinki kubwa ambalo ukuta wake wa mbele unaonekana, na kabati limekatwa kulipisha. Linapendeza, na tumbo lako linakuwa karibu na maji kwa hiyo mgongo hauinami sana. Lakini kabati la kawaida halilifai bila kukatwa na kuimarishwa. Usilinunue kabla seremala hajalikagua kabati.

*Lililoungwa na kaunta.* Kaunta na sinki ni kitu kimoja, hakuna ungio. Nitalirudia kwenye nyenzo.

4. Tengeneza sinki la boksi

Kata boksi uunde bakuli la vipimo vya sinki unalolitaka. Liweke mezani au kwenye kaunta kwa urefu ule litakaokaa. Tumbukiza trei yako. Inalala, au inasimama pembeni ikitoa shingo nje? Sasa simama na ujifanye unasugua tako la bakuli kwa dakika mbili. Mgongo utakupa jibu ambalo duka haliwezi kukupa.

Kina cha sentimita 20 kinawafaa watu wengi. Sentimita 25 huzuia maji kuruka na huficha vyombo vichafu wageni wakija, lakini mtu mfupi au mtu mwenye matatizo ya mgongo atalichukia. Kama nyumbani mnaosha kwa zamu, anayeosha mara nyingi zaidi ndiye ajaribu.

Bakuli moja au mawili? Ukiwa na mashine ya kuoshea vyombo, chukua moja kubwa. Ukiosha kwa mkono, kwa povu upande huu na kusuuza upande ule, mawili yana maana, mradi moja lizidi jingine. Mabakuli mawili yanayolingana ndani ya kabati dogo ni hasara mara mbili: sufuria kubwa haiingii popote.

5. Chagua nyenzo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Masinki matano meupe yaliyopangwa dukani yanaweza kuwa vitu vitano tofauti kabisa, na muuzaji asiyejua atakwambia yote ni "kauri".

Anza na sumaku. Ikinata, chini ya weupe kuna chuma. Isiponata, ni kauri, ni mchanganyiko wa mawe na resini (plastiki inayoshikanisha mawe hayo kama gundi), au ni plastiki. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hutoa mlio mzito, mfupi, kama kugonga nguzo. Bati la chuma lililopigwa umbo hulia kama debe. Kauri hulia kama kikombe kikubwa. Resini hutoa mlio mfu, wa mbao.

*Kauri nzito ya udongo.* Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na mng'aro wake, ule utando wa kioo wa juu, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi, mpaka udongo na mng'aro vikashikana. Uso wake ni mgumu, haunywi chai, haunywi manjano, haubadiliki rangi kwa jua. Kwa weupe unaodumu, mimi naupa namba moja. Una madai yake, hata hivyo. Ni mzito: sinki la upana wa sentimita 75 hivi lenye uso mbele hufika kilo 50 kwa urahisi. Haunyumbuki hata kidogo, kwa hiyo glasi ikiteleza mkononi, glasi ndiyo itakayopasuka, na sufuria ya chuma ikianguka kutoka juu, sinki ndilo litakalomeguka. Pia udongo husinyaa ukichomwa, na hausinyai sawasawa. Masinki mawili ya namba moja ya modeli yanaweza kupishana hata asilimia 2. Kwenye sentimita 80 hiyo ni sentimita 1.6. Kumbuka namba hii tukifika hatua ya 9.

*Chuma cha kusubu chenye enameli.* Enameli ni glasi iliyoyeyushwa juu ya chuma kwenye joto la kama nyuzi 800. Ina kina cha rangi ambacho picha haikioneshi, na huhifadhi joto la maji vizuri ukiosha kwa bakuli lililojaa. Ni mzito kama kauri. Adui yake ni kumeguka: glasi ikitoka, chuma kinabaki uchi, na kutu huanza kula pembeni ya jeraha na kuinua enameli iliyobaki. Ukiliziba mapema linaishi miaka mingi sana.

*Bati la chuma lenye enameli.* Weupe ule ule, chuma chembamba. Ni jepesi na rahisi kufunga, lakini linatetemeka, na enameli haipendi kitu kinachotetemeka. Kwa jiko la nyumba ya kupangisha au jiko linalotumika mara chache, sawa. Kwa jiko la kila siku sikushauri.

*Mchanganyiko wa mawe na resini.* Takriban asilimia 80 ni chembe za kwatzi au graniti, iliyobaki ni resini ya akriliki, na rangi imepenya hadi ndani. Halimeguki kirahisi, haliigizi debe, na linavumilia vyombo kuangushwa kuliko kauri. Kwa rangi nyeusi au kijivu ningekwambia lichukue ulale usingizi. Kwa nyeupe nasita. Uso wake una vinyweleo vidogo vya kugusa, si utelezi wa kioo, na maji yenye chokaa huacha utando juu yake. Utando huo ndio unaonywa chai. Watu husema sinki limebadilika rangi, kumbe ni koti la chokaa lililopata rangi. Ukiwa na maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, na mazoea ya kulifuta kila usiku, litakutii. Ukiwa na maji magumu, yenye chokaa, jiandae.

Kama unaliwazia, mwombe muuzaji kipande cha sampuli, kisha kilaze usiku mzima kwenye chai nzito, nusu yake ukiwa umeipaka mafuta yenye manjano. Asubuhi kisugue kwa sifongo na sabuni ya kawaida tu. Utakachokiona ndicho utakachoishi nacho.

*Akriliki iliyochanganywa na madini, ile inayoungwa na kaunta.* Aina hii ilianzia kwa DuPont mwaka 1967, kwa jina la Corian. Uzuri wake ni kwamba mikwaruzo na madoa huondolewa kwa msasa mwembamba, kama mbao, kwa hiyo unaweza kulifanya jipya mara kadhaa. Udhaifu wake ni moto. Sufuria iliyotoka motoni ikiwekwa humo huacha alama au ufa. Hata maji yanayochemka ukiyamwaga, fungua kwanza maji ya baridi yateremke pamoja nayo.

*Akriliki tupu.* Nyepesi, ya bei ndogo, na visu huichora siku ya kwanza. Iache.

Ukiniuliza kwa haraka: kabati imara na pochi inayoruhusu, kauri nzito au chuma cha kusubu. Kabati la kawaida lisiloweza kuimarishwa, mchanganyiko wa mawe na resini, na uchague nyeupe iliyokufa kidogo kuelekea kijivu au maziwa. Na kama hakuna anayefuta sinki kabla ya kulala katika nyumba yako, tafadhali fikiria chuma cha pua. Sisemi kwa dharau. Jiko langu mwenyewe lina chuma cha pua.

6. Linganisha weupe

Nyeupe si moja. Kuna yenye ubaridi wa buluu, kuna ya maziwa, kuna ya ganda la yai, na kila mtengenezaji ana yake. Chukua sampuli ya sinki, au walau kipande cha rangi yake, ukiweke kando ya kigae na kaunta yako ndani ya jiko lako. Kitazame mchana, kisha usiku kwa taa ulizozifunga. Kilaze kama tako la sinki litakavyolala, kwa sababu kitu kilichosimama hupokea mwanga tofauti na kilicholala.

Niliwahi kuagiza sinki lililoandikwa "nyeupe" tu, nikalifunga kwenye jiko lenye vigae vya rangi ya maziwa nilivyovichagua mimi mwenyewe. Dukani vigae vilikuwa vizuri mno. Kando ya sinki lile lenye ubuluu vikageuka kama meno ya mvuta sigara. Mwenye nyumba hakusema kitu, alikaa akaangalia. Nililibadilisha kwa gharama yangu.

Kanuni ninayoitumia tangu siku ile: nyeupe mbili zikikaribiana lakini zisilingane, moja itaonekana chafu. Ama zilingane kabisa, ama ziachane waziwazi.

7. Likague sinki lenyewe

Usikague lile la maonyesho. Kagua litakalokuja kwako.

Washa tochi ya simu, ilaze karibu na uso wa sinki ili mwanga uteleze juu yake. Vitundu vya sindano, mawimbi na sehemu zilizokosa mng'aro vitajitokeza, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu la kutolea maji. Weka rula ukingo hadi ukingo. Kauri ndefu mara nyingi hupinda kidogo katikati. Milimita 2 au 3 silikoni, ile gundi ya kuzibia ungio, huzimeza, zaidi ya hapo rudisha.

Mwaga kikombe cha maji mbali na tundu. Yote yaende. Tako lililo bapa kabisa hupendeza kwenye picha, lakini hubakiza dimbwi, na dimbwi likikauka kila siku huacha ramani ya chokaa. Kona nazo: zile zilizokatwa kama boksi ni ngumu kusafisha. Kona yenye mviringo ambao ncha ya kidole inaingia vizuri inatosha.

Mwisho pitisha kiganja pole pole kwenye kingo zote. Jicho hukosea, kiganja hakikosei sana.

8. Chagua vifaa vinavyofuatana nalo

Tundu la kutolea maji kwenye masinki mengi ya kisasa ni milimita 90, lakini pima. Masinki ya kauri yana tako nene, kwa hiyo hakikisha shingo ya chujio ni ndefu ya kutosha kupita unene huo na kubaki na nyuzi za kufungia nati. Chujio lisilofika ni safari ya pili dukani. Tundu la bomba la maji safi kwa kawaida ni milimita 35. Kama sinki la kauri limekuja na tundu lililozibwa nusu, linatobolewa kwa kugongwa kwa upole kutoka upande wenye mng'aro, au kwa keekee ya almasi. Mwachie anayejua.

Nunua wavu wa chuma cha pua wa kulaza chini, siku ile ile, wa modeli ile ile, kwa sababu tundu lake lazima likae sawa na tundu la sinki. Ndio unaozuia vitako vya sufuria visiguse weupe. Angalia miguu yake ya mpira kila baada ya miezi michache. Mguu mmoja ukichomoka, wavu wenyewe ndio unaanza kuchora.

9. Sinki kwanza, tundu la kaunta baadaye

Fungua boksi mbele ya aliyelileta, kabla hujasaini. Ukishasaini, mmeguko wowote ni wako.

Halafu mpe fundi wa kaunta sinki lenyewe, asikate kwa mchoro uliokuja kwenye boksi. Kwa kauri hili halina mjadala. Ile asilimia 2 niliyoitaja inatosha kukuachia pengo la kidole upande mmoja, na jiwe lililokatwa zaidi halirudi.

Wakati fundi anakata, kabati liimarishwe. Fanya hesabu uone kwa nini: bakuli la sentimita 70 kwa 40, lenye kina cha 22, hubeba lita 61 na ushee likijaa, yaani kilo 61 na ushee. Ongeza sinki la kilo 50, ongeza vyombo. Una zaidi ya kilo 110 zinazoning'inia mahali ambapo kuna mvuke na wakati mwingine uvujaji. Silikoni kazi yake ni kuziba, haikuumbwa kubeba. Weka fremu ya mbao imara chini ya sinki, iliyoshikwa na skrubu kwenye mbao za pembeni na yenye miguu inayofika sakafuni, na uipake rangi ya kuzuia maji.

10. Siku ya kufunga

Pimamaji pande zote mbili. Silikoni ya jikoni yenye kinga ya ukungu, mfululizo mmoja usiokatika. Iache saa 24 kabla ya kutumia maji, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni na vyombo.

Baadaye ziba tundu, jaza bakuli hadi juu, liache nusu saa, kisha fungua maji yote yaende kwa mkupuo. Shika karatasi ya tishu kavu uipitishe kwenye kila ungio chini. Tishu huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Mambo yakienda kombo

*Michirizi ya kijivu tako la sinki.* Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara aliyeuliza anadhani sinki limechorwa. Pitisha ukucha. Usipokwama, si mkwaruzo: ni chuma cha sufuria kilichobaki juu ya uso mgumu kuliko chenyewe, kama penseli juu ya karatasi. Soda ya kuokea iliyolowanishwa ikawa uji mzito, sifongo laini, na subira. Isipotosha, tumia unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki, kwa muda mfupi, ukivaa glavu, kisha suuza sana. Waya wa kusugulia sufuria usiuguse. Unaondoa mchirizi mmoja na kuacha elfu moja midogo itakayoshika uchafu.

*Rangi ya chai kwenye mchanganyiko wa mawe na resini.* Toa chokaa kwanza: siki nyeupe vuguvugu au asidi ya sitriki, dakika 15, sugua, suuza kabisa. Kisha jaza maji ya moto yenye unga wa kung'arishia wa oksijeni, uache usiku mmoja. Ukianza na cha pili bila cha kwanza, utasafisha koti bila kulivua.

*Jiki.* Iliyozimuliwa kwa maji mengi na kusuuzwa haraka huondoa doa gumu kwenye kauri. Kamwe usiichanganye na siki, asidi, wala dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu, na jiko ni chumba kidogo. Siki nayo usiiache muda mrefu juu ya enameli, hula mng'aro.

*Enameli imemeguka.* Kausha siku hiyo hiyo, ondoa kutu kwa msasa laini, ujaze kwa epoksi nyeupe ya kurekebishia enameli kwa tabaka nyembamba. Kiraka kitaonekana ukikitafuta. Kazi yake ni kuzuia kutu.

*Mistari myembamba kama utando wa buibui kwenye kauri.* Mng'aro umepata nyufa za nywele. Zikiwa chache na hazinywi rangi, ishi nazo. Zikianza kuingia rangi, piga picha upeleke ulikonunua kabla muda wa dhamana haujaisha, kwa maana hazitibiki.

*Silikoni imekuwa nyeusi.* Usipake mpya juu ya ya zamani. Kata yote, futa kwa spiriti, acha pakauke siku nzima, ndipo upake. Ikirudi kuwa nyeusi ndani ya wiki chache, tafuta maji yanatoka wapi, mara nyingi ni chini ya bomba la maji safi.

*Maji yanakwenda polepole na chujio ni safi.* Rudi hatua ya 2, ukiwa na futi. Kama bomba la ukutani liko juu kuliko mdomo wa lile lililopinda, hakuna dawa ya kuzibua itakayokusaidia.